John Muir na bonde lililozama

Nimechagua kusimulia maisha ya John Muir, Mskoti aliyehamia Marekani akawa mtetezi wa milima, misitu na mito, kwa sababu mbili. Ya kwanza inakihusu kitivo chetu: mtu huyu hakuwa na cheo serikalini wala mali ya kutisha watu, alichokuwa nacho ni kalamu. Ya pili inanihusu mimi. Nimezaliwa Panda, komini ya Likasi, na pambano la mwisho la Muir lilikuwa juu ya jambo ambalo sisi wa Panda tunaliishi kila tunapowasha taa, yaani mto uliozibwa ili mji upate kuishi. Nitaeleza maisha yake kwa mpangilio wa miaka, kisha nitasema yananihusu vipi.

Muir alizaliwa tarehe 21 Aprili 1838 huko Dunbar, mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Uskoti. Baba yake, Daniel, alikuwa mchuuzi wa nafaka na mcha Mungu wa aina ile isiyocheka. Mtoto alilazimishwa kukariri Biblia sura baada ya sura, na aliposhindwa alichapwa. Kabla hajabalehe aliweza kutamka bila kitabu Agano Jipya lote na sehemu kubwa ya Agano la Kale. Malezi hayo yalikuwa makali, lakini yalimwachia sikio. Ukisoma maandishi yake ya utu uzima unasikia mdundo wa Zaburi ndani ya maelezo ya miamba na maji, na nadhani bila mdundo huo wasomaji wasingemfuata.

Mwaka 1849 familia ilivuka bahari na kwenda kulima Wisconsin. Huko baba alimtuma kijana wake kuchimba kisima kwa nyundo na patasi katika jiwe gumu. Alichimba peke yake miezi mingi, alfajiri akiteremshwa kwa ndoo, jioni akipandishwa. Alipofika futi 80 hivi, karibu mita 24, hewa mbaya iliyotuama chini ilimlevya, akanusurika kufa. Siku chache baadaye alirudishwa shimoni, na maji yalipatikana kwenye futi 90. Kwetu Likasi, ambako ni nadra kupata familia isiyo na ndugu aliyewahi kuingia shimoni kutafuta mawe, hadithi hiyo haihitaji maelezo. Muir alijua ardhi kutoka chini kabla hajaitazama kutoka juu.

Alikuwa fundi wa ajabu. Usiku, wengine wakilala, alichonga saa za mbao na vitanda vilivyomwinua mtu na kumsimamisha wima saa ya kuamka ikifika. Mwaka 1860 alivipeleka vyombo hivyo kwenye maonyesho ya Madison, watu wakavishangilia, na hapo mlango wa Chuo Kikuu cha Wisconsin ukafunguka. Alisoma kemia, jiolojia na botania bila kufuata utaratibu wa shahada yoyote, akaondoka mwaka 1863 bila cheti. Alichopata chuoni kilikuwa urafiki wa Jeanne Carr, mke wa profesa wake, aliyemwazima vitabu na kumhimiza kwa barua kwa miaka mingi aandike alichokiona. Wenzangu wanaodharau barua wanapaswa kumkumbuka mama huyo.

Ajali ndiyo iliyobadili njia yake. Mwezi Machi 1867, akifanya kazi kiwandani Indianapolis, tupa ilimponyoka ikamchoma jicho la kulia. Jicho likapofuka, na la kushoto nalo likafifia kwa huruma ya mwenzake. Alilala wiki kadhaa katika chumba chenye giza, asijue kama ataona tena. Kuona kuliporudi aliamua kwamba hatatumia tena macho yake kutazama mashine. Mwezi Septemba mwaka huohuo alianza kutembea kwa miguu kutoka Indiana na Kentucky hadi Florida, safari ya maili 1000 hivi. Huko Florida alishikwa na malaria iliyokaribia kumuua. Alipopata nguvu alipitia Cuba na Panama, akafika San Francisco mwezi Machi 1868. Inasimuliwa kwamba hakukaa mjini hata siku mbili. Aliuliza njia ya kwenda milimani.

Milima hiyo ni Sierra Nevada, na bonde lililomshika moyo ni Yosemite. Mwaka 1869 alikwenda huko na kundi la kondoo, akiwa msimamizi wa mchungaji. Baadaye aliendesha kiwanda kidogo cha kupasua mbao. Katika miaka hiyo alipambana kwa mara ya kwanza na wakubwa. Josiah Whitney, mwanajiolojia mkuu wa jimbo la California, alifundisha kwamba Yosemite ilipatikana pale sakafu ya bonde ilipodidimia ghafla. Muir alitembea juu ya miamba, akaona mikwaruzo na mng'aro wake, akasema ni mito ya barafu iliyochonga bonde, barafu kama zile tunazozijua kwenye vilele vya Ruwenzori lakini kubwa mara nyingi zaidi. Whitney alimdharau kama mchunga kondoo asiye na elimu. Mwaka 1871 Muir alipata barafu hai katika milima ileile. Wataalamu wa leo hawakubaliani naye katika kila jambo, lakini juu ya kazi ya barafu alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko yule mwenye cheo.

Mwaka 1880 alimwoa Louie Strentzel, binti wa mkulima wa matunda wa Martinez. Wakapata mabinti wawili, Wanda na Helen. Kwa miaka kadhaa Muir alikuwa mkulima hodari wa zabibu na mapera, akaweka akiba ya kutosha. Lakini alidhoofika mwili na roho, na mkewe mwenyewe ndiye aliyemsukuma arudi milimani na kwenye kuandika.

Alirudi wakati ufaao. Mwaka 1889 alimpeleka Yosemite Robert Underwood Johnson, mhariri wa jarida la Century. Walipoketi kando ya moto walitazama jinsi kondoo walivyomaliza majani ya nyanda za juu, wakapanga kazi: Muir aandike makala mbili, Johnson aongee na wabunge. Makala zilitoka mwaka 1890, na tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo sheria ya kuanzisha Hifadhi ya Taifa ya Yosemite ikapita. Mwaka 1892 Muir na wenzake walianzisha Sierra Club, chama cha wapenda milima. Yeye akawa rais wake mpaka kufa. Mwaka 1903 Rais Theodore Roosevelt alilala naye porini siku tatu, na kufikia 1906 bonde la Yosemite lenyewe, lililokuwa chini ya jimbo la California tangu 1864, lilirudishwa kwa serikali kuu na kuunganishwa na hifadhi. Mtu angedhani ushindi umekamilika.

Ndani ya mipaka ya hifadhi hiyo kulikuwa na bonde la pili, dogo kuliko Yosemite na lenye wageni wachache. Mto Tuolumne ulitoka milimani, ukapita katika korongo refu, kisha ukatandazika kwenye uwanda wa majani na mialoni uliozungukwa na kuta za graniti zenye mamia ya mita. Maporomoko mawili, Tueeulala na Wapama, yalianguka upande wa kaskazini. Bonde hili liliitwa Hetch Hetchy. Jina hilo linatoka katika lugha ya Wamiwok, wenyeji wa huko, na linahusishwa na nyasi zenye mbegu za kuliwa. Kwa hiyo lilikuwa jina la chakula kabla halijawa jina la mandhari. Muir alifika huko kwa mara ya kwanza mwaka 1871, na mwaka 1873 alikwisha kuandika makala juu yake. Nasisitiza mwaka huo. Alilieleza bonde miongo mitatu kabla ya mtu yeyote kutishia kulizamisha.

Tishio lilitoka San Francisco. Mji ule umezungukwa na maji ya chumvi, na maji yake ya kunywa yalikuwa mikononi mwa kampuni binafsi iliyochukiwa kwa bei zake. Mwaka 1901 meya James Phelan aliomba haki ya kuzuia mto Tuolumne pale ambapo bonde linajibana, mahali ambapo ukuta mfupi ungeweza kushika maji mengi. Waziri wa Mambo ya Ndani alikataa mwaka 1903. Kisha, alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906, ardhi ikatetemeka. Mabomba ya maji yakakatika, moto ukaunguza sehemu kubwa ya mji kwa siku tatu, na watu 3000 hivi wakafa. Ukweli ni kwamba moto ulishindikana kwa sababu mabomba ya mjini yalipasuka, na bwawa la mbali lisingeuzima. Lakini nani angewaambia hivyo watu waliolala mahemani? Mwaka 1908 waziri mpya, James Garfield, alitoa kibali.

Hapo ndipo Muir, akiwa na miaka 70, alipoingia kwenye pambano lililomla mpaka mwisho. Upande wa pili alikuwepo Gifford Pinchot, mkuu wa idara ya misitu, ambaye zamani alikuwa rafiki yake. Pinchot naye alijiita mhifadhi. Kwake kuhifadhi ni kutumia kwa akili, ili watu wengi wafaidike kwa muda mrefu, na maji kwa mji mzima yalizidi kwa mbali raha ya wapanda milima wachache. Muir alishikilia kwamba kuna mahali ambapo thamani yake haipimwi kwa mapipa ya maji, na kwamba hifadhi iliyokwisha kuwekwa kwa sheria ikivunjwa mara moja hakuna hifadhi nyingine itakayokuwa salama. Aliongeza hoja ya kawaida kabisa: kulikuwa na mito mingine ya kupata maji, ila Tuolumne ulikuwa na gharama nafuu zaidi.

Ugomvi uligawa hata chama chake. Warren Olney, mmoja wa waanzilishi, aliona mji una haki, akajiuzulu. Wanachama walipopigiwa kura mwaka 1910, 589 walikuwa upande wa Muir na 161 upande wa bwawa. Kwa kuwa chama hakikuwa na sauti moja, Muir na mwanasheria kijana William Colby waliendesha kampeni kwa jina la jumuiya nyingine ya kutetea hifadhi.

Kampeni yenyewe inatufaa sisi wanafunzi wa lugha. Waliandika vijitabu vyenye picha za bonde, wakavituma kwa wahariri, walimu, na vyama vya wanawake nchi nzima. Vyama hivyo viliandikia Bunge barua kwa maelfu, wakati wanawake wengi wa Marekani walikuwa hawajapata haki ya kupiga kura. Muir alilipa bonde lugha ya hekalu. Wanaotaka bwawa wakawa, katika maandishi yake, wale wachuuzi waliofukuzwa hekaluni. Hapa ninamkosoa. Lugha hiyo iliwatia moto waliokwisha kumkubali, lakini ilimfunga mlango mama wa San Francisco aliyetaka tu maji ya kupikia. Nao wapinzani walijua kutumia maneno. Waliwachora watetezi wa bonde kama wapenda maua wenye nafasi, walioweka mandhari mbele ya watoto wenye kiu, na wakachapisha michoro iliyoonyesha bwawa kama ziwa la kupendeza kuliko bonde lenyewe.

Katikati ya pambano hilo Muir alifanya jambo ambalo wengi hawalijui: alikuja Afrika. Mwezi Agosti 1911, akiwa na miaka 73, alipanda meli peke yake kwenda Amazon, akaona misitu ya Chile, kisha akavuka hadi Cape Town. Mwezi Januari 1912 alipanda treni hadi maporomoko ya Victoria kwenye mto Zambezi, na karibu na hapo akasimama chini ya mbuyu kwa furaha ya mtoto. Reli iliyomfikisha hapo ndiyo ileile iliyokuwa imevuka daraja la Zambezi na kufika Lubumbashi mwaka 1910 kufuata shaba yetu. Hakuifuata hadi Katanga. Alielekea pwani, akapita Beira na Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi na Ziwa Victoria, akafika Jinja kuona maporomoko ya Ripon, mahali mto Nile unapoanza safari. Aliyaona maji yale yakiruka juu ya mwamba. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa, mwamba huo ulikwisha kuzama. Kwa hiyo mtetezi wa Hetch Hetchy alitembelea, bila kujua, maporomoko mengine yaliyokuwa yakisubiri hatima hiyohiyo.

Aliporudi alikamilisha kitabu chake juu ya Yosemite, kilichotoka mwaka 1912, na sura ya mwisho aliitoa kwa Hetch Hetchy. Haikutosha. Mwaka 1913 mswada wa mbunge John Raker ulipita Baraza la Wawakilishi kwa kura 183 dhidi ya 43, na Seneti kwa 43 dhidi ya 25. Tarehe 19 Desemba 1913 Rais Woodrow Wilson akautia saini. Muir aliandika barua chache za huzuni, akarudi kwenye mswada wake juu ya Alaska. Mwaka mmoja baadaye, akiwa kwa binti yake Helen jangwani, alishikwa na nimonia. Alifariki katika hospitali ya Los Angeles tarehe 24 Desemba 1914, karatasi za kitabu cha Alaska zikiwa karibu naye.

Bwawa lilimalizika mwaka 1923, na maji yakafika San Francisco mwaka 1934. Yapo mpaka leo, na ni maji safi sana. Mwaka 2012 wapiga kura wa mji huo waliulizwa kama upangwe mpango wa kulitoa maji bonde; wengi walikataa. Lakini kushindwa kwa Muir kulizaa mambo. Makelele ya 1913 yaliwafanya Wamarekani waone kwamba hifadhi zao hazikuwa na mlinzi, na mwaka 1916 ikaundwa idara ya kuzisimamia. Katika miaka ya 1950, serikali ilipotaka kujenga bwawa katika makorongo ya Echo Park, watetezi walionyesha picha za Hetch Hetchy kabla na baada ya kuzama. Mwaka 1956 bwawa hilo liliondolewa kwenye mpango. Bonde lililokufa lilimwokoa mwenzake.

Sitaki kumgeuza Muir kuwa mtakatifu. Katika maandishi ya ujana wake aliwazungumzia Waindiani na watu weusi kwa dharau inayochoma kuisoma, na ingawa baadaye, hasa Alaska, aliandika kwa heshima zaidi, madoa hayafutiki. Mwaka 2020 Sierra Club yenyewe iliyakiri hadharani. Kuna kasoro kubwa zaidi. Yosemite aliyoipenda kama pori lisiloguswa ilikuwa nyumbani kwa watu waliofukuzwa kwa bunduki mwaka 1851, na uwanda ule wenye majani mazuri ulikuwa umetunzwa na mikono yao, kwa moto na kwa kuchuma mbegu. Alisoma kila mkwaruzo wa barafu kwenye jiwe, lakini alama za binadamu zilimpita.

Sasa nirudi Panda. Mwaka 1892 mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet alipita Katanga na msafara wa Bia na Francqui, na maporomoko ya mto Lufira pale Mwadingusha yakapewa jina lake. Mwaka 1930 maji hayo yalianza kuzungusha mitambo ya umeme kwa ajili ya viwanda vya shaba vya Likasi. Nyuma ya bwawa likatandaa ziwa Tshangalele, ambalo samaki wake wanauzwa katika masoko yetu. Panda ya viwanda na nyumba za wafanyakazi, Panda iliyowalea wazazi wetu, ililishwa na maporomoko hayo. Wenyeji wa Lufira hawakuwa na bunge la kuliandikia barua. Kwa hiyo mimi ni mtoto wa San Francisco katika hadithi hii. Siwezi kumpongeza Muir kwa mdomo na kuwasha taa kwa mkono bila kuona mgongano.

Hata hivyo najifunza kitu kutoka kwake. Mji unaohitaji maji au umeme hauna kosa kuhitaji. Kosa ni kuzamisha mahali ambapo hapajawahi kuelezwa, kwa sababu basi hakuna anayejua bei iliyolipwa. Muir alishindwa kuliokoa bonde, lakini alihakikisha halizami kimya. Sisi je? Tuna maporomoko ya Lofoi katika Hifadhi ya Kundelungu, ambako maji yanaanguka zaidi ya mita 300. Tuna Hifadhi ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, pamoja na makorongo ya mto Pelenge ndani yake. Mengi yaliyoandikwa juu ya mahali hapo yako katika Kifaransa cha wataalamu, na wazee wanaojua majina ya kila jiwe na sababu ya kila jina hawaulizwi na mtu.

Kazi hiyo ni yetu, wa kitivo cha lugha. Aende mtu Lofoi, aketi na wazee, aandike majina kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, aeleze nani anavua, nani analima, nani alihamishwa. Aanze kabla mradi wowote haujatangazwa, kama Muir alivyoanza mwaka 1873, na asiwasahau watu kama yeye alivyowasahau. Siku mhandisi atakapokuja na ramani yake, akute mahali hapo pana jina, pana historia, na pana wasomaji.